Mbu wa Mwezi Machi

Urho alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya ziwa lililoganda, ameshusha mshipi kwenye tundu alilotoboa katika barafu. Mbu walielea mbele ya uso wake polepole, weusi, bila kuimba. Akawafukuza kwa mkono. Wakapanda, wakashuka, kama masizi ndani ya maziwa.

"Unamfukuza nani?" aliuliza Irja, mkewe, akimmiminia kahawa isiyo na sukari.

"Mbu. Mwaka huu wamewahi."

Irja aliiweka chupa chini. "Mzee, huu ni mwezi Machi. Barafu hii inabeba gari. Mbu gani hao?"

"Waulize wenyewe."

Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili Urho anaishi na kisukari. Barua tatu za hospitali za kumwita akapigwe picha za macho alikuwa amewashia jiko la sauna, chumba chao cha kuogea mvuke. Nani afunge safari mpaka mjini kwa ajili ya jicho lisilouma, jicho linaloona kunguru ng'ambo ya ziwa?

"Hebu fumba jicho la kulia," alisema Irja.

Akafumba. Masizi yakayeyuka, yakawa moshi mmoja laini, wa kupendeza hata, uliotanda ziwa zima.

"Wamekwenda," alisema akitabasamu. "Si unaona? Hamna mbu."

"Na mimi je, unaniona?"

Urho aligeuza kichwa taratibu huku na huku, akimtafuta ndani ya ule moshi, na Irja alikuwa amemshika mkono.