Mashuka ya Mama na Ukuta wa Kale

Dada yangu ni msanifu wa majengo, kazi ambayo nyumbani kwetu maana yake ni kutuhangaisha sote. Asubuhi ile alitupanga kwenye mteremko wa pwani kama viti vya harusi: mama kona ya tiketi, mjomba kona ya choo, mimi kona ya ukumbi wa maonyesho. Kila mtu na mwanzi wake mrefu, na kati ya mianzi mashuka ya mama ya kitandani, yawe kuta za kituo cha wageni ambacho bado kiko karatasini.

Chini yetu, karibu na maji, ulisimama ukuta wa mji wa kale. Wageni watakuja kwa ajili yake. Kamati ya kuulinda ilishaukataa mchoro wa kwanza: jengo linauziba ukuta. Leo wanarudi, na wasiporidhika kazi anapewa mwingine.

Dada alikuwa juu barabarani, pale watakaposhukia wageni. Anachungulia, anateremka mbio, anatusogeza, anapanda tena.

"Mjomba, kushoto kidogo!"

"Choo gani hiki kisichotulia?"

"Bado unaziba."

"Mwili huu kaulisha mama yako. Mlalamikie yeye."

Upepo ukajaza shuka langu, nikaburutwa kama mbuzi wa mnadani. "Dada, si upunguze urefu wa ukumbi?"

"Ukumbi wangu usiuguse!" Dari lake lile la juu alikuwa akilichora tangu yuko chuoni. Kucha alishazimaliza, sasa alitafuna kifuniko cha kalamu.

Gari likaonekana kwa mbali. Dada akapanda mbio. Mama, magoti yamemchosha, akakaa chini na mwanzi wake. Mjomba, ambaye penye kupumzika hajawahi kuachwa nyuma, naye akakaa. Mimi nani nibaki wima? Mashuka yakalala mchangani.

"Simameni! Mnanimaliza!" dada akafoka kutoka juu. Halafu akachungulia tena. Kutoka pale alipo, juu ya vichwa vyetu ukuta wote ulionekana, mwanzo hadi mwisho, na bahari nyuma yake.

Mama akaanza kujiinua.

"Mama, usisimame!"

"Simama, usisimame! Nimekuzaa au umeniajiri?"

Dada hakucheka. Alitazama mteremko, akatazama mianzi iliyolala. "Jengo tunalichimbia ndani ya mteremko," akasema. "Paa liwe sawa na barabara." Chini ya barabara hapana nafasi ya dari la juu; nikajua limekwenda.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene, akashuka garini viatu mkononi. "Jengo liko wapi?"

"Umesimama juu ya paa lake," dada akajibu.

Yule mama akatazama miguu yake, akautazama ukuta. Akautazama mpaka kile kifuniko kikavunjika menoni mwa dada.

"Hili nalikubali," akasema. "Mlango uko wapi?"

Mjomba akapunga mwanzi wake. "Karibu huku, mama! Ila unapitia chooni."

Dada alishaanza kuteremka mbio, anakuja kukihamisha.