Kishindo Nyuma ya Ofisi ya Cheamani

Stima ilipopotea soko zima la Gilgil, Kang'ethe alitangaza kwamba wakubwa sasa wamekula hadi waya. Ushahidi hakuwa nao. Tangu afiwe na mkewe, alikuwa halaumu watu kwa ushahidi.

Mafundi walipofika na gari lao, ikajulikana kwamba kebo mbovu imezikwa ardhini. Inapita nyuma ya ofisi ya Mwaura, cheamani wa soko, kisha inaingia chini ya kibanda cha chai cha Kang'ethe. Mwaura ndiye aliyewagawia hapo Kang'ethe na marehemu mkewe Wamaitha, akijua vizuri kilicho chini. Ndiye pia aliyehutubia mazishi ya Wamaitha mpaka chakula kikapoa.

"Mtachimba wapi?" Kang'ethe akauliza.

"Pale ardhi itakapogonga," akajibu injinia wao, Chepchumba, huku akivaa hedifoni. "Kebo tumeizima pande zote mbili, tumepiga kufuli. Sasa mtambo wa kwenye gari utairushia umeme kwa vipigo. Ukifika palipoharibika unalipuka huko chini, du! Mimi natembea juu nikisikiliza. Lakini wewe, mzee, kaa nje ya utepe wa tahadhari. Huo umeme hautambui mvi."

Kang'ethe akasimama nje ya utepe kama mtoto mwema. Mtambo ukaanza.

Du! Ndani ya kibanda chake, vikombe vikagongana kwenye rafu.

Kang'ethe akageukia kibanda: palipoharibika ni chini ya sakafu yake. Sakafu ile Wamaitha aliipiga simiti mwenyewe, na kabla haijakauka akakandamiza kiganja chake karibu na jiko, akicheka: "Usije ukasahau nani mwenye hoteli." Kang'ethe alikuwa nazo picha za mkewe. Mkono wake ulibaki hapo tu. Na hawa watu wa serikali, alivyowajua, wangeuvunja kwa nyundo na pole wasiseme.

Akaangalia huku na huku. Akachukua mti wake wa kupondea mukimo wa viazi na mahindi, akainama, akapita chini ya utepe, akajibanza nyuma ya ofisi ya Mwaura. Kila vikombe vilipolia, naye akashindilia ardhi: du! Wachimbe hapa. Du! Wamwangushie cheamani choo chake. Du! Hiyo ni ya ile hotuba.

Utamu ukamzidi, akasahau kusikiliza vikombe.

"Madam, kebo yetu leo iko na njaa?" fundi Kiptum akauliza. "Inagonga haraka haraka."

Chepchumba akainua mkono. Mtambo ukazimwa. Kimya.

Du! ikasema ardhi. Du! Du!

Walipozunguka ukuta, Kang'ethe alikuwa ameinua mti juu, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, kebo," akasema Kiptum.

Chepchumba hakucheka. "Mzee, unajua ungekufa? Ukisimama karibu na palipopasuka, umeme unaweza kupanda kwa miguu yako. Ningemwambia nini mkeo?"

"Huyo ndiye mnataka kumvunja!" Kang'ethe akafoka. "Ni marehemu, na mkono wake ni huo!" Akawaonyesha kwa kidole. Kupitia mlango wa kibanda, kiganja kilionekana kwenye simiti ya sakafu.

Chepchumba akakitazama. "Kumbe ulikuwa unajichimbia kaburi mwenyewe," akasema, sasa kwa upole. "Mashine yangu inasikia kishindo, na inashika nguvu ya sumaku ya kebo, ambayo hufika kabla ya kishindo. Chako hakina sumaku. Lakini nisingepata mahali kamili, ningefukua laini yote, na sakafu yako yote ingeenda. Nikipajua, nakata kipande tu."

"Kipande chenye mkono?"

"Nitaukata kwa mbali. Utatoka mzima. Neno langu."

"Neno la serikali," Kang'ethe akanung'unika. Lakini akatoka, akakaa mbali na utepe kweli kweli.

Mtambo ukarudi kugonga, hedifoni zikasikia, mahali pakawekwa alama ya chokaa: kando kabisa ya jiko. Chepchumba akazima, akaimaliza nguvu iliyobaki kwenye kebo kwa kuiunganisha na ardhi, akaupiga mtambo kufuli, akapima tena. Ndipo msumeno ukaguswa. Simiti ikakatwa pana, ikainuliwa na vijana wanne wa soko polepole kama wamebeba mgonjwa. Kiganja hakikupata hata ufa.

"Tuiweke wapi?" Kiptum akahema. "Isinyeshewe, isikanyagwe."

Kang'ethe hakufikiria sana. "Si cheamani ana ofisi? Na ni ya umma. Alisema mwenyewe kwenye mazishi."

Mwaura, aliyekuwa ametoka tangu asubuhi, alirudi mchana akakuta meza yake imesukumwa ukutani. Katikati ya chumba lilikaa bamba la simiti, limefunikwa shuka safi. Kando yake sufuria ilichemka juu ya jiko, na mafundi walikuwa wamekalia viti vyake vya wageni wakinywa chai.

"Kang'ethe! Hii ni nini? Mpaka lini?"

"Mpaka shimo lifukiwe, cheamani. Zunguka huku, usimkanyage mama." Kang'ethe akapangusa kikombe. "Ya maziwa au ya rangi?"