Harufu ya Robi

Skolastika alimzaa binti yake, Robi, mwaka ambao sabuni ilipotea madukani. Pale Butiama watoto waliogeshwa kwa maji matupu, na nepi zao zikasuguliwa kwa majani ya mpapai. Mama mkwe wake, Marcelina, ndiye aliyempokea mtoto. Alimnusa utosini, akacheka peke yake.

"Huyu hata sabuni haihitaji," alisema. "Ananukia mwenyewe."

Skolastika akamchukua, akazamisha pua kwenye zile nywele laini, akavuta pumzi. Hakupata kitu. Akavuta tena kwa nguvu mpaka mashavu yakamuuma. Mtoto akaanza kulia, naye akajikuta analia. Waliokuwepo wakadhani ni uchovu wa uzazi.

Pua yake ilikuwa imeziba tangu alipoolewa. Ilianza kama mafua ya kawaida, kisha mafua yakagoma kuondoka. Akiinama kufagia uwanja, paji la uso lilimgonga kama linapigwa nyundo. Makamasi mazito yalimshuka kooni, na asubuhi aliamka mdomo umekauka kwa kuhemea kinywani. Alijifukiza majani, akanywa vidonge vya zahanati, akapata nafuu ya wiki moja mbili, hali ikarudi palepale. Maumivu aliyazoea. Asichokizoea ni kuwaona wanawake wengine wakimpokezana Robi, kila mmoja akimnusa shingoni na kufumba macho, kisha wanamrudishia yeye, mama yake, ambaye hakujua wamepata nini.

Robi alipoanza kutembea, Mwikwabe, mume wa Skolastika, alimpeleka mkewe hospitali moja kule Bunda. Daktari akatazama picha ya eksirei, akasema mifupa ya mashavuni ina uwazi ndani yake, na uwazi huo umejaa usaha. Dawa yake ni kuchanwa ndani ya mdomo wa juu, mfupa utobolewe, usafishwe.

"Nitalazwa?" Skolastika aliuliza.

"Utalazwa, na utavimba uso. Tena usubiri, dawa za usingizi hatuna kwa sasa."

Alisubiri, lakini moyoni aliomba dawa hizo zisifike. Alikuwa na mtoto mdogo, na habari ya mfupa kutobolewa ilimkosesha raha. Hakurudi Bunda.

Miaka ikaenda. Serikali ikalegeza masharti ya biashara, maduka ya Musoma yakajaa tena, na Mwikwabe akaja na sabuni ya kuogea iliyofungwa kwenye karatasi ya waridi. Marcelina aliinusa ikiwa bado kwenye karatasi. Majirani nao wakaja kuinusa. Skolastika aliipokea, akashukuru, akaificha sandukuni, akaendelea kumwogesha Robi kwa sabuni ya mche.

"Nimeileta ya nini sasa?" Mwikwabe aliuliza.

"Nitaitumia, Baba Robi."

Hakuitumia. Aliona haya kumwambia mumewe kwamba anaogopa kuifunika harufu ya mtoto kabla yeye mwenyewe hajaipata.

Ilikuwa baada ya Pasaka ndipo tangazo liliposomwa kanisani: daktari wa pua na masikio kutoka Mwanza angekuwa Musoma wiki ile. Skolastika alipanda lori la pamba, akashukia mjini, akapanga foleni na wagonjwa wengine.

Daktari aliitwa Leodgar, mtu mpole, mwenye kioo kidogo cha mviringo kwenye paji la uso. Alimulika puani mwake kwa muda mrefu.

"Mama, una vinyama humu. Vimeota kama zabibu, vimeziba njia. Ndiyo maana usaha hautoki."

"Nitapasuliwa mdomo?"

"Hapana, tuanze na dogo. Nitaingilia humuhumu puani. Nitakuwekea pamba yenye dawa ya ganzi, nivikate vinyama kwa uzi mwembamba wa waya, halafu nisukume maji ya chumvi kwenye hayo mashavu yasafike. Utakuwa macho, umekaa kitini. Leo leo unarudi kwenu."

"Na harufu? Nitanusa?"

Daktari akakivua kile kioo. "Pumzi nakuahidi. Harufu siwezi. Na vinyama hivi vina tabia ya kurudi, mama, usije ukaniona mwongo."

Alikubali. Alishika mikono ya kiti. Hakusikia maumivu makali, ila kuvutwa, na sauti ya mkwaruzo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Maji yalipopita, yalitoka na uchafu wa miaka, yakajaza beseni, muuguzi akageuza uso. Kisha hewa ikaingia puani, ya baridi, mpaka nyuma kabisa. Skolastika akashtuka kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa ameuegemea.

Aliporudi nyumbani alisafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, kama alivyoelekezwa. Kichwa kikawa chepesi. Harufu ya kwanza ilikuwa moshi, jioni moja akiwa jikoni. Alidhani nyumba inaungua. Kisha zizi la ng'ombe. Kisha kitunguu, akakila kibichi huku anacheka.

Akamwita Robi. Mtoto alikuja mbio kutoka machungani, mrefu, magoti yana vumbi. Skolastika akamvutia kifuani, akamnusa utosini. Alinukia jua, jasho na mbuzi. Ilikuwa harufu nzuri, lakini ya msichana mkubwa.

"Mama, unaniminya," Robi alisema, akajichomoa.

Marcelina alikuwa ameketi barazani anapepeta mtama. Skolastika akakaa karibu yake.

"Mama, huyu alikuwaga ananukiaje, alipozaliwa?"

Bibi kizee akaacha kupepeta. Akafikiri. "Maziwa," alisema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, siyo maziwa. Kama unga uliotoka kusagwa, ukiwa bado una joto." Akatikisa kichwa tena. "Siyo hivyo pia. Nilikuwaga naijua, Mama Robi. Sasa nikitaka kuisema inakimbia."

"Jaribu tena, Mama."

Marcelina akaweka ungo chini, akafumba macho, akajaribu. Skolastika alimsogelea zaidi, akasikiliza, huku akivuta hewa taratibu kwa tundu zote mbili za pua.