Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

"Sikulala!" dada Safina alifoka, povu la sabuni likimtiririka kiwikoni. "Nilifumba macho kidogo."

"Ulifumba macho ukakoroma? Mtoto ameteleza mpaka maji yakamfika kidevuni. Kama nisingemdaka..."

"Hakunywa hata tone."

Abdulkarimu, mwenye siku kumi na moja na jina zito kuliko mwili wake, alikuwa begani kwangu akilia kama shahidi mahakamani. Mama yake, binti yangu Tabu, alisimama mlangoni. Kwetu mtoto huogeshwa na kukandwa na mama mkubwa wa ukoo mpaka arobaini. Mkubwa ni Safina. Aliwaogesha wanangu wote watatu, na kumwondoa kwenye beseni ni kumvua cheo.

"Umemeza vingapi leo?" nikamuuliza.

"Vya mgongo?"

"Hivyo ulivyofunga kwenye pindo la kanga."

"Viwili." Nikamkazia macho. "Haya, vinne. Na kimoja cha asubuhi, lakini kile cha chai hakihesabiwi."

Alivianza kwenye kibanda cha kubangulia korosho, huko Chuno. Ukikaa chini kutwa nzima mgongo unawaka, na mwenzako anafungua pindo anakupa kidonge kama anayekupa chumvi. Baadaye unajinunulia mwenyewe kwa muuzaji asiyeuliza cheti cha daktari. Nusu ya wanawake wa kibandani wanameza, na hakuna hata mmoja anayesema huo ni ulevi. Safina huu ni mwaka wake wa tatu.

"Juzi kwenye mkutano wa mtaa ulitaka wavuta bangi wachapwe viboko," nikamkumbusha.

"Wale mateja!"

"Na wewe je? Teja wa doti mpya ya kanga?"

Akataka kucheka, akajizuia. Tabu hakucheka.

"Mama mkubwa," akasema taratibu, "naogopa kukupa mwanangu."

Safina akakaa kitako sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika.

"Basi naacha," akasema. "Leo hii. Navitupa chooni." Akaanza kulifungua pindo.

"Hutupi kitu. Mwili umeshazoea. Vilipokuishia wiki iliyopita ulitapika siku mbili, ukasingizia malaria. Ukikata ghafla utaugua zaidi. Daktari ndiye atakayekupunguzia."

"Nikamwambie nini daktari? Mtu mzima mimi!"

"Mwambie ukweli. Anawaona watu wazima kila siku."

"Na mtoto ataogeshwa na nani?"

"Mimi."

"Wewe!" Akageuka kwa Tabu. "Mama yako anakanda mtoto kama unga wa chapati. Atamtoa shingo."

"Ndiyo maana upone upesi," nikamjibu.

Alimtazama Abdulkarimu, ambaye sasa alikuwa ananyonya ngumi yake. Akainuka, akabeba beseni akamwaga maji uani, akajifuta mikono. Alivaa baibui juu ya kanga iliyolowa, pindo likiwa bado limefungwa.

Nikampa Tabu mtoto, nikaita bajaji kwa simu. Ilipofika, Safina alitangulia kupanda.

"Hospitali," akamwambia dereva. "Na usisimame kwa mtu njiani, hata akinisalimia."