Kambare wa Umeme

Kwenye kidimbwi chetu cha uani anaishi kambare anayetoa umeme. Nimelisema hili miaka mingi na sirudi nyuma. Ana ukubwa wa gari dogo, masharubu yake ni kama ya mkuu wa jeshi, na mwaka ule wa mvua nyingi, umeme wa mtaa mzima ulipokatika, nilifunga balbu kwenye sharubu lake la kulia tukala chakula tukionana mpaka kope. Mgeni akitaka ushahidi namwambia kambare amelala, na si adabu kumwamsha mwenye nyumba yake.

Kidimbwi chenyewe, ukikitazama bila mimi pembeni, ni shimo la saruji lenye samaki wadogo wekundu, mawe, na pampu iliyozamishwa chini inayopandisha maji juu ya mawe ili yashuke yakilia. Mama watoto ndiye aliyekitaka. Anashona sare za shule verandani, na anasema sauti ya maji inamsahaulisha kelele ya cherehani. Kila asubuhi hutia mkono majini mpaka kiwikoni, akaondoa majani yaliyoziba mdomo wa pampu, huku samaki wakimdonoa vidole na yeye akiwagombeza kama wajukuu.

Basi swichi ya usalama ikaanza visa. Cherehani inakwenda, pasi imepata moto, mara tak! Nyumba nzima kimya. Unakwenda kwenye boksi la umeme ukutani, unainua kile kidude, umeme unarudi. Ukishakaa vizuri, tak! tena. Mama watoto akailaumu pasi. Akalilaumu jokofu. Siku moja akanilaumu mimi, na nilikuwa nimekaa tu.

Kidude hicho nakifahamu. Fundi wa kike aliyekuja kukifunga alinieleza kazi yake, nami nikamwelewa upesi kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa kwenye ghala la soda. Makreti yanatoka na chupa zilizojaa, yanarudi na chupa tupu. Zilizotoka na zilizorudi zisipolingana, lango linafungwa, gari halitoki, mpaka ijulikane chupa zimepotelea wapi. Swichi ile nayo ndivyo inavyofanya. Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukirudi pungufu, kuna mahali umevujia: majini, ardhini, au mwilini mwa mtu. Swichi haiulizi ni nani. Inafunga lango.

Asubuhi moja niliona jani linaelea karibu na ukingo, nikaliokota. Kidole changu kilikuwa na jeraha la kisu cha mkate. Maji yakaning'ata. Si sana, kama sisimizi aliyekasirika. Na wakati uleule, ndani, tak! Cherehani ikanyamaza.

Hapo ningesema: maji yana umeme, pampu inavuja, basi. Lakini mezani alikuwepo shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, dereva mstaafu wa lori. Tunamwita Mhandisi, kwa sababu aliwahi kutengeneza redio na mpaka leo inashika stesheni moja. Mbele ya msikilizaji kama yule, ulimi wangu haujui kutembea, unajua kucheza tu. Nikasema kidole kiliwaka kama kiberiti. Nikasema nilirushwa nikavuka kamba ya nguo, na nikiwa angani niliona paa la jirani linahitaji rangi.

"Kambare ameamka!" Mhandisi akapiga meza. "Dada, mtafutie huyu balbu."

"Nasema kweli, shemeji. Pampu ile ni mbovu."

"Pampu mbovu haitoi maji. Ile inatoa?"

"Inatoa."

"Sasa ubovu uko wapi? Swichi yenu imezeeka, inaogopa kivuli chake. Kama wewe."

Mama watoto hakucheka wala hakubisha. Alikuwa na rundo la sare za kumaliza na pasi iliyokuwa inapoa. "Mimi nataka umeme usikatike," alisema. "Mengine mtamalizana wenyewe." Kisha akanituma dukani nikanunue uzi wa bluu.

Dukani nilichelewa. Muuza duka alitaka kujua habari za kidole, na huko niliruka juu zaidi.

Niliporudi na kufungua geti, jambo la kwanza nililosikia ni cherehani. La pili, maji yakishuka kwenye mawe. Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi, uso unang'aa kama sufuria ya mgeni.

"Imekwisha kazi!" aliniita. "Nimeunganisha waya kupitia nje ya ile swichi yenu. Tangu nimefunga haijakatika hata kidogo. Na haitakatika!"

Nikaelewa. Lango la ghala lilikuwa wazi na mlinzi ameambiwa aende nyumbani.

Cherehani ikanyamaza. Safari hii haikuwa tak. Ni mama watoto ameinuka. Alishuka ngazi za veranda, akapita ule upande wa mbali wa ua, akikunja mkono wa gauni. Asubuhi hiyo alikuwa bado hajasafisha mdomo wa pampu. Akachutama. Samaki wakaja juu, wanamjua.

Plagi ya pampu ilikuwa ndani, nyuma ya Mhandisi. Mama watoto alikuwa ng'ambo ya ua mzima. Miguu yangu mimi unaijua, au ungeijua kama ungewahi kunisubiri mahali. Nilichokuwa nacho ni mdomo tu, na mdomo huo nilikuwa nimeutumia ovyo tangu kulipokucha. Nilitafuta humo neno la kumzuia, nikakuta kila moja nimeshalivalisha kofia na njuga.

"Mama watoto," nikasema. "Usiguse maji."

Mkono wake ukasimama juu ya kidimbwi. Vidole vilikuwa karibu kiasi kwamba samaki mmoja aliruka kuvifikia.

Mhandisi akaangua kicheko. "Kambare huyo, dada! Atakumeza na pete yako!"

Hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa muda. Kisha akaurudisha mkono mapajani, akasema, bila kupaza sauti, "Kachomoe pampu."

"Na wewe unamwamini huyu..."

"Nenda, mdogo wangu."

Akaenda. Maji yakaacha kulia.

Yule fundi alikuja mchana. Alikata umeme wote kwenye swichi kuu, akautoa waya wa Mhandisi, na swichi ikarudishwa kazini. Akatusogeza wote mbali na maji, akachomeka pampu. Tukangoja. Maji yalipanda, yakashuka, mpaka Mhandisi akaanza kutabasamu. Kisha tak!

Walipoifungua pampu, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota ulikuwa na ufa. Pampu ikiwa baridi ufa unajibana, ikipata joto unaachama na maji yanaingia. Ndiyo maana swichi haikukatika papo hapo, na ndiyo maana pasi isiyo na kosa ilitukanwa wiki nzima. Mhandisi aliushika ule mpira, akaugeuzageuza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Shemeji," alisema, "waya ule niliufunga mimi."

"Uliufunga vizuri mno. Hilo ndilo lililoniogopesha."

Mhandisi alipokwisha kuondoka nilikaa verandani. Ua ulikuwa kimya hata ukasikia sindano ikipita kwenye kitambaa. Nikamuuliza mama watoto kwa nini aliurudisha mkono, ilhali mdogo wake alikuwa anacheka, na mimi ndiye mimi.

Hakuinua macho kwenye kazi yake. "Kidole chako asubuhi kilivuka kamba ya nguo. Dukani, nina hakika, kilivuka paa. Kila hadithi yako ikienda inarudi imenenepa. Hii ilikuja imekonda." Akakata uzi kwa meno. "Nikajua umeogopa."



Tumenunua pampu mpya na maji yanalia tena. Siku hizi mama watoto anapochutama kando ya kidimbwi, kabla ya kukunja mkono wa gauni huniita, popote nilipo.

"Baba watoto! Kambare hajambo?"

Namwambia hajambo, ila jana alitoka kwenda kunyolewa masharubu, kinyozi akazirai, na mtaa wa pili taa zimewaka zenyewe hadi sasa. Naendelea, sina haraka. Nikifika katikati, nasikia mkono wake ukiingia majini.