Vyungu Kumi na Viwili vya Dorkasi

"Chota dawa, nyunyiza, tuwashe moto. Unatuchelewesha!" Grasiana alimsogezea Dorkasi kibuyu cha unga wa mganga.

Wafinyanzi wa kando ya Mto Pangani walichoma vyungu vyao pamoja, moto mmoja, na kila mmoja alinyunyiza dawa ili visipasuke. Tangu aokoke, Dorkasi hakuigusa tena. Na mara ya mwisho vyungu tisa vilipasuka. Lawama zote zikamwangukia yeye, kana kwamba ndiye aliyeleta mvua zilizovilowesha!

"Dada Grasiana, mimi nimemwachia Mungu."

"Ala! Kwani mimi simjui Mungu? Si tunakaa benchi moja kanisani? Basi ondoa vyungu vyako, na usirudi."

Loh, yalimuuma! Miaka kumi na minne alifanya kazi nao, na aliyemfundisha kufinyanga ni Grasiana huyo huyo. Akavihamisha vyungu vyake kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, hadi uani kwake, machozi yakimtiririka.

Hakuwasha moto siku hiyo. Alivipapasa matumbo, akasikia ubaridi wa maji; udongo ulikuwa haujakauka. Akavianika siku tano, akiviingiza ndani kila wingu lilipotanda, huku akiomba. Majirani wakamcheka: "Mlokole anangoja malaika wamletee kiberiti!"

Siku ya sita akavipanga juu ya kuni, akavifunika kwa magome na nyasi kavu, akapiga magoti. "Bwana, hata vikipasuka vyote, kwa mganga sirudi." Akawasha.

Alasiri, majivu yalipopoa, akafukua cha kwanza, akakigonga kwa kidole. Ngo! Kizima! Cha pili, ngo! Kufika cha kumi na mbili alikuwa anaimba mtaa mzima unasikia, anacheza, masizi hadi puani.

Kugeuka, akamwona Grasiana amesimama uani na chungu kibichi kichwani.

"Siku ile tulinyunyiza wote," Grasiana alisema, macho chini. "Saba vimepasuka. Hiki sijakinyunyizia kitu, mdogo wangu. Utanichomea?"

Dorkasi alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa tumbo.

"Bado kina maji, dada. Kinataka siku tano."

"Nitangoja."

Wakakitua juani, wakaketi huku na huku, wakikilinda mbuzi wasikivunje.