Mwanamke wa Tatu

Natasha Nyokabi anasoma kemia na sheria kwa pamoja katika chuo kikuu kimoja cha London, na maksi zake mama yake huzitangaza kanisani kana kwamba yeye ndiye aliyefanya mitihani. Muulize Natasha saa ngapi: atakueleza kwanza saa inavyofanya kazi, kisha haki zako iwapo itakudanganya.

Sasa kaka yake Harrison alikuwa anaoa, na Harrison, jamani, si mtu wa kuangalia kitu kwa makini. Mwezi uliopita, kituoni Barking, alimkumbatia mwanamke kwa mahaba yote, kumbe si Wambui, mchumba wake. Wambui alikuwa amesimama nyuma yao na mwavuli mkononi. Alicheka, lakini si sana.

"Siku ya ruracio nitafunikwa leso pamoja na wenzangu," alimwambia. "Ukinikosa, Harrison, harusi ingojee kwanza. I'm serious."

Ndiyo desturi ya posa kwao Wakikuyu: wanawake hupangwa mstari, wamefunikwa gubigubi, na bwana harusi amtambue wake. Akikosea anapigwa faini, watu wanacheka. Harrison hakuona cha kucheka. Hata chakula kilikuwa hakipiti.

"Wacha wasiwasi," Natasha alimwambia. "Hii ni kazi ya maabara."

Akatengeneza mafuta ya kujipaka yenye harufu isiyouzwa duka lolote London, mchanganyiko wa limau na kitu kama majani mabichi. Akayafunga kwa utepe, akampelekea Wambui zawadi. "Jipake Jumamosi, wifi yangu."

Jumamosi ukumbi wa Woolwich ulijaa. Wanawake watano wakaingia wakijitingisha, leso mpaka sakafuni. Harrison aliruhusiwa msindikizaji mmoja, akamchukua dada yake. Natasha akapita pua mbele, kama mtu anayetafuta sufuria inayoungua. Wa kwanza alinuka vitunguu. Wa pili, sabuni tu. Wa tatu, ile harufu yenyewe!

"Wa tatu," alinong'ona. "Mshike mkono twende tukale."

Harrison akasimama mbele ya yule wa tatu, akarudi nyuma. "Si yeye."

"Harrison! Nina evidence!"

"Si yeye. Hata hawa wengine. Wambui hayupo hapa."

Natasha akamvuta shati. Aliogopa kwelikweli. Anampenda Wambui, na anampenda zaidi huyu kaka yake asiyesikia, na sasa aliiona harusi ikienda na maji.

"Umejuaje?"

"Akiwa karibu tumbo hunivuruga. Saa hii limetulia."

"Hiyo si evidence!"

"Basi niache nikosee mwenyewe." Akawageukia wazee, akapaza sauti. "Wazee wangu, mchumba wangu hayumo humu. Naomba aletwe."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Leso ya tatu ikafunuliwa: Auntie Emma, dada ya mama yake Wambui, anacheka mpaka machozi. Kundi la pili likaletwa. Harrison akaanza kutoka jasho, akaenda moja kwa moja kwa yule wa mwisho. Alikuwa Wambui.

"Auntie, hayo mafuta umeyatoa wapi?" Natasha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni ya Wambui. Yalimpigisha chafya, akanipa. Yananisaidia sana magoti."

Natasha akafumba macho. Muhula uliopita, upande wa sheria, aliongoza darasa kwa insha juu ya jambo hilohilo: kabla ya kuamini ushahidi, uliza umepitia mikononi mwa nani. Hakuuliza.

Walipokuwa wakila, Wambui alikuja mezani, uso umejaa furaha. "Natasha, nilikuwa nachungulia mlangoni, nikakuona ukinong'ona. Wewe ulisema ni nani?"

Natasha akafungua mdomo. Harrison akamwahi.

"Alisema hakuna hata mmoja anayefanana na wewe. Yeye ndiye aliyeniambia hupo pale."

"I knew it!" Wambui akamrukia Natasha, akamkumbatia kwa nguvu. "Najua wewe huwezi kunikosa."

Juu ya bega la wifi yake, Natasha alimtazama Harrison. Alikuwa ameinamia sahani, anahangaika na mfupa, mtu asiye na habari. Natasha alikuwa na pingamizi, tena zito. Akalimeza, akamkumbatia Wambui naye kwa nguvu.